Kikombe Kilichopoa Qurayyat

Ukiuita mgahawa utakuwa unaupamba. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya bibi mmoja mjane, hatua chache kutoka pale wavuvi wa Qurayyat wanapovutia mashua zao mchangani. Mikeka mitatu, seredani la makaa, pazia la kuingilia ndani, na vikombe vidogo vya kahawa vya Kijapani, visivyo na mkono, vyenye maua mekundu. Bibi alikuwa mtu wa Unguja kama mimi, ila yeye alitangulia kuja. Alikaanga samaki aliyeletewa siku hiyo, akaweka vibakuli vya papa wa kuchambua na achari ya ndimu, na mtu alikula alichokikuta. Wakiingia watu wanane, wa tisa alingoja nje.

Nilikwenda pale mara nne, na hakuna hata mara moja niliyokwenda kwa njaa.

Ilikuwa mwaka 1966. Mimi nilikuwa karani katika duka la mfanyabiashara wa Kihindi, mjini Matrah, na mama yangu alikuwa Dubai, amehifadhiwa chumbani na jirani zetu wa zamani. Siku zile hukuingia Omani bila ya ruhusa, na sisi tuliotoka Unguja ruhusa hatukuipata mpaka sheikh wa kabila asimame na kusema, huyu wangu. Mimi nilidhaminiwa na ami yangu, ndugu yake baba, naye akafariki mwaka uleule. Aliyebaki wa kumdhamini mama ni sheikh wa kabila la baba, huko Qurayyat, mtu ambaye sikumjua. Na jirani zetu wa Dubai walikuwa wanahamia Kuwait kabla ya Ramadhani. Mama aliniandikia barua ya mistari miwili: "Mwanangu, wenyewe wanafunga masanduku. Mie sina mtu wa kufunga naye."

Niliambiwa nisiende barazani kwa sheikh, kwani huko kulijaa watu wenye kesi za visima na mitende. Alkhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, hula samaki kwa yule bibi, na pale humsikiliza mtu kwa utulivu. Basi nikaomba ruhusa ya siku mbili dukani, nikapanda mashua ya injini alfajiri, nikashuka Qurayyat kanzu imelowa mpaka magotini.

Sheikh alikuwa mzee mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyomchambua samaki bila ya kuvunja mwiba hata mmoja. Nilimwamkia, nikamwambia mimi mtoto wa nani. Akaniombea baba rehema, akanikaribisha mkekani. Kahawa ikaja. Nikanywa. Nikaongezwa, nikanywa, na mara ya tatu nikakitikisa kikombe kama baba alivyonifunza, ishara ya kuwa nimetosheka. Nilikuwa nangoja aniulize kilichonileta. Kwetu kijana hamvamii mzee kwa shida zake, hungoja aulizwe. Sheikh naye alizungumza habari za mvua, akanawa mikono, akanitakia safari njema, akaondoka.

Mara ya pili mambo yakawa yaleyale, ila mvua haikutajwa. Nilikunywa vikombe vitatu, nikatikisa, na mzee akaenda zake. Nilibaki mkekani nimevimba kwa hasira. Mimi ni mtu wa subira fupi na ulimi mrefu, na siku ile niliumeza ulimi wangu mpaka ukanikwama kooni. Zilibaki wiki tatu kufika Ramadhani.

Bibi alikuwa anakusanya vibakuli. Akanitazama, akaketi kwa kishindo.

"Hebu niambie mwanangu, wewe unakuja huku kunywa kahawa?"

Nikamweleza yote, la mama na la masanduku. Akapiga kofi paja lake.

"Na umekunywa mpaka ukatikisa! Nnakutazama hapa mara ya pili hii. Mtu akiwa na haja kwa hawa, kikombe hukipokea akakiweka chini. Hakigusi. Mwenyewe atamuuliza, una nini? Akikubaliwa ndo ananywa. Wewe unakunywa, unatikisa, basi kwao umekwishasema, mie mzima, sina shida."

"Kwetu ukiweka kikombe bila ya kunywa, umemdharau mwenye nyumba," nilisema.

"Kwetu ni kwetu," alinijibu. "Na wewe uko huku."

Niliona haya, kisha nikaona hasira juu ya haya. Muda wote ule mama yangu alikuwa anahesabiwa siku katika chumba cha watu, na mimi nakunywa kahawa kwa adabu.

Safari ya tatu, mashuani, nilikaa na mfanyabiashara wa tende aliyewajua wote. Nilipomwambia mama yangu ni Mswahili wa Unguja, si mtoto wa kabila lolote la huku, akatikisa kichwa. Sheikh atauliza, alisema, na sheikh hawezi kusema huyu wangu kwa mtu asiyekuwa wake. Akanipa jina la kabila, akanipa na jina la babu. "Sema hivyo. Nani atakwenda kuchimba makaburi?" Njia nzima niliyakariri majina yale. Nakiri. Mpaka tunashuka, uwongo ule nilikuwa nao moyoni umeiva.

Sheikh alikuwa amekwishakaa, na pamoja naye watu watano wa pale kijijini. Nikapewa kahawa. Nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikakiweka kikombe mbele yangu, juu ya mkeka.

Mazungumzo yalikatika. Bibi, aliyekuwa anageuza samaki, aliacha kugeuza. Nilisikia mafuta tu.

"Kunywa kahawa yako," sheikh alisema.

"Sinywi, sheikh. Nina haja."

"Iseme."

Nikaisema kwa Kiarabu changu cha chuoni, chenye mapengo, na watu wale hawakucheka. Nilipomaliza aliichukua nyama ya samaki, akatafuta mwiba, hakuuona, akaila.

"Baba yako ni wetu. Babu yako namkumbuka. Mama yako ni binti wa kabila gani?"

Swali lilikuwa hilo. Nilikitazama kikombe, ule moshi mdogo ulikuwa umekwisha. Majina niliyopewa yalikuwa tayari mdomoni. Na hapo nikamwona mama, si kwa uzuri wowote, nilimwona amekaa juu ya ngazi anachagua mchele, na nikajiona mimi ninamtoa kwa baba yake na kumpa baba wa mtu mwingine, ili apate kuingia nyumbani kwa mwanawe. Nikapandwa na ghadhabu, sijui juu ya nani.

"Hana kabila huku," nilisema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko adabu. "Ni Mswahili. Baba yake alikuwa mshona kofia. Hana mtu ila mimi, nami sina mtu ila yeye."

Mmoja wa wale watano alisema taratibu kwamba hapo pana uzito. Sheikh alichambua kipande kingine. Mimi nilikuwa nimekwishaanza kupanga nitamwandikia nini mama.

"Baba yako alipokufa," sheikh aliniuliza, "nani alimkalia eda?"

"Mama."

"Aliikaa yote?"

"Miezi minne na siku kumi. Mlangoni hakutoka."

Sheikh alifuta vidole vyake kimoja kimoja. Akawageukia wale watu, si mimi. "Aliyemkalia eda mtu wetu, tutamwambiaje si wetu?" Kisha akakisukuma kikombe changu kwa kidole. "Kunywa."

Ilikuwa imepoa, chungu, na nilikunywa mpaka machicha. Nililia, na bibi akanifunikia aibu yangu kwa kunikemea kwamba samaki anaungua na mimi nimemzibia njia.

Mama aliingia siku nne kabla ya mwezi kuandama. Baada ya Idi nilimpeleka Qurayyat atoe shukrani. Bibi alimketisha karibu yake, penye pazia, pazia likiwa limeinuliwa. Sheikh alimsalimu kwa heshima. Mama akapewa kahawa, akaipokea, akaiweka chini.

Watu wote walikitazama kikombe.

"Ana haja gani?" sheikh aliniuliza.

Nikageuka. "Mama, kunywa. Wanadhani una jambo unaliomba."

"Nnangoja ipoe. Ya moto mno." Akawatazama wanaume wale, mmoja mmoja. "Wanadhani nnaomba nini?"

Nikamweleza desturi, haraka haraka, nikimsihi kwa macho akichukue. Alinisikiliza hadi mwisho. Mkono wake ulikuwa umekwishakifikia kikombe. Akaurudisha mapajani.

"Kama ndo hivyo, nna haja," alisema. "Mwambie, nishaulizwa mie nani huko nilikotoka, na Dubai nimeulizwa, na najua wewe umeulizwa hapa kwa ajili yangu. Nataka siku nikifa wasiulize. Wanizike tu, pamoja na watu wao."

Sikujua nani aliyemwambia kuhusu swali lile. Mimi sikumwambia. Niliyatafsiri maneno yake yote, hata lile la mimi kuulizwa, na wakati wa kulitafsiri sikuweza kumtazama sheikh usoni.

Mzee hakurefusha maneno.

"Mwambie anywe."

Mama akanywa. Akakunja uso, akamwinamia bibi. "Hawa hawatii tangawizi?"

Mama sasa amelala Qurayyat, safu ya pili kutoka ukutani, ubavuni mwa watu wa baba. Siku tuliyomzika, sheikh alikuwa mzee wa kushikwa mkono. Alisimama mpaka mchanga ukamalizika, na hakuna aliyeuliza.