Beti Mbili Nilizopiga Peke Yangu

Kosa langu la kwanza katika muziki lilikuwa kuamini kwamba kupiga vizuri ni kutokukosea. Nalikiri mapema, maana kila nikisikia harufu ya ndimu na majivu, tuliyosugulia shaba, hunijia siku ile ya kijijini kwetu Masanze.

Bendi yetu ya matarumbeta ilikuwa ya wazee. Babu yangu alikata mkonge miaka thelathini, akashika tromboni kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na sita, baada ya uhuru, meneja wa shamba alipoondoka na kuacha vyombo stoo. Mzee Saidi, kuli mstaafu wa stesheni ya Kilosa, alipuliza besi mashavu yamevimba kama ana majipu mawili. Mimi, mtoto pekee kati yao, nilijifunza tarumbeta mwenyewe, nyuma ya choo, na nilijiona fundi. Babu alikuwa na nota moja ya juu iliyomshinda kila siku. Nilikuwa namkata jicho.

"Acha kunikodolea, mume mwenzangu," aliniambia. "Midomo yako mipya, yangu imeshatumika. We angalia mkono wangu tu. Nikishusha tromboni, wote kimya. Hata kama wimbo ni mtamu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee ya bendi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Tuliambiwa tupige mbele ya lori ili wahame kwa furaha. Tukapiga, huku vumbi la kuta zilizobomolewa likituingia kooni. Jirani yetu, Bibi Mwanahawa, aligoma kutoka: mahindi yake yalikuwa bado shambani. Mgambo mmoja akapanda kung'oa nyasi za paa. Mwingine akamburuta bibi kwa khanga yake hadi akaanguka kifudifudi.

Babu akashusha tromboni. Besi ikakata. Ngoma ikakata.

"Piga, mzee!" alifoka kiongozi wao, kijana asiyetimiza hata miaka thelathini.

"Hata shikamoo, mwanangu?" babu alijibu. "Mwinue kwanza huyo mama."

Rungu likampata mdomoni. Nilisikia meno. Alipopiga magoti, likamrudia mara ya pili, kisha ya tatu, na damu ikachuruzika juu ya shaba tuliyoisugua asubuhi.

Na mimi nilikuwa bado napiga. Zilibaki beti mbili, na hofu yangu yote ilikuwa nisiuharibu wimbo. Nilizipiga zote, peke yangu, bila kukosea popote. Kiongozi akanipigia makofi.

"Mnamwona dogo? Huyu ndiye anayejua kazi!"

Mzee Saidi alinitazama kama anavyotazamwa mbwa aliyekula kuku wa nyumbani. Bibi Mwanahawa akarushwa kwenye lori.

Kwa miaka mingi nilidhani babu ndiye aliyeharibu wimbo. Nimechelewa kuelewa kwamba kimya ndicho kitu pekee wazee wale walichobaki nacho cha kumkinga yule mama, nami nilikitoboa. Mwaka jana nilimwomba babu radhi. "Ulikuwa mtoto," alisema. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Bila meno ya mbele hakuweza tena kupuliza. Alipofika miaka sabini alianza kujifunza ngoma kubwa, na sasa anaipiga kwenye harusi za Mikumi. Mimi nina miaka ishirini na mbili, napuliza kando yake, na tangu nimwombe radhi sijapiga tena kwa kuamriwa.