Machekeche Mawili ya Mamangu

Nilimwonea wivu mwenzangu wa darasani, na siombi msamaha. Babake ana ploti ya kupangisha, ya ghorofa nne, mtaani Gatina, yeye ana laptop mpya, na bado mwalimu aliposema maabara ina nafasi moja, ya atakayeeleza vizuri zaidi umbo la kimeng'enya kinachobandika asidi amino kwenye RNA safirishi, yeye pia akaandika jina. Jameni, si angeniachia hiyo moja!

Kimeng'enya kile kina mfuko wa kuchagulia. Asidi amino kubwa mno haiingii. Lakini iko ndogo inayofanana na ile inayotakiwa, nayo hupenya. Kwa hiyo kuna mfuko wa pili, mwembamba, unaopokea ile ndogo tu na kuibandua. Nilikariri hayo mpaka nikayaota. Kuyaeleza mtu akaelewa, wapi!

Jumamosi akanifuata nyumbani, kwenye mabanda ya Silanga, bila kualikwa. Nilitaka ardhi inimeze. Chuoni nilikuwa nimesema tunaishi upande wa Lang'ata, kwenye nyumba za maana, na sasa huyu hapa, raba nyeupe pepepe, anamtazama mamangu akichekecha makaa yake ya kuuza.

"Auntie, mbona machekeche ni mawili?"

Mamangu akacheka. "La kwanza linazuia makubwa. Lakini vumbi nalo linapita, si ni dogo? La pili lina matundu madogo, vumbi linaanguka. Yanayobaki ndiyo napimia watu kwa mkebe."

Nikamvuta mwenzangu mkono. "Twende, utachafuka."

Jumatatu alisimama mbele ya darasa, laptop akaiacha kwenye begi, akatoa machekeche mawili. Ya mamangu! Masizi yake yote! Akachekecha makaa juu ya gazeti, mfuko wa kwanza, mfuko wa pili, na darasa zima likasema, "Aaah!" Nafasi akapewa yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Nilifika nyumbani nikiwaka. "Mum, umempa machekeche! Umempa nafasi yangu!"

Hakuacha kupima makaa. "Alisema ni ya shule, nikadhani ni yenu wote. Alirudi jana baada ya kanisa, akaniuliza maswali mpaka chai ikapoa." Kisha akaniangalia. "Wewe umelelewa na haya machekeche. Umewahi kuniuliza yanafanya nini?"

Nafasi ya maabara nimeshaisahau. Ile chai aliyokunywa na mamangu ndiyo namwonea wivu mpaka leo.