Alama ya Bisibisi kwenye Gitaa la Shemeji

Usiku ule nililala nimenuna, vumbi la mbao limenijaa puani, kipande cha msasa bado kiko mfukoni mwa suruali. Nilikuwa nimechoshwa na gitaa, nimechoshwa na marehemu kaka yangu Elia, nimechoshwa na kila mtu.

Gitaa lenyewe lilikuwa la umeme, la kuunga mwenyewe. Lilikuja vipande vipande kwenye boksi: bodi ya mbao tupu, shingo, nyuzi na vikorokoro vya umeme. Elia alimwagizia mkewe Anastazia, mpiga solo wa kwaya yetu hapa Makambako. Siku Elia alipolifungua boksi, bisibisi ilimponyoka ikachimba bodi, usoni kabisa. Kabla hajaipaka hata vanishi, ugonjwa ukamchukua. Matanga yakaisha, na shemeji akasema kwaya harudi mpaka gitaa lile likamilike. Basi nani alimalizie kama si mimi?

Nikajiapiza kwamba sitampa mjane kitu chenye kidonda. Nikapiga msasa. Nikaweka kitambaa chenye maji, nikapitisha pasi ya moto ili mbao ivimbe, nikapiga msasa tena. Alama ikapungua, lakini kuisha, wapi! Ukiilaza bodi kwenye mwanga, hiyo hapo inakuchungulia. Mke wangu alishachoka na mimi. "Baba Tumaini, utalisaga hilo gitaa liwe unga."

Ndotoni nipo uani kwangu, napiga msasa, na Elia amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amevaa tai yake ya kwaya na fulana ya ndani, basi. Hakunisalimu. Alinitazama tu, vile alivyokuwa akinitazama tangu utotoni kila nilipofunga mbuzi vibaya.

"Nipe," alisema.

Mama alitufundisha tukiwa wadogo: maiti akikuomba kitu ndotoni usimpe, utamfuata. Nikalikumbatia gitaa.

"Sikupi! Wewe si umekufa?"

"Nimekufa, sijapofuka. Nataka nione unavyoliharibu."

Jamani! Mtu ameniachia kazi, amekwenda zake, halafu anarudi kunisimanga! Nikazidi kusugua kwa hasira. Uani hapapo tena. Sasa tupo kanisani, mabenchi matupu, na vumbi la mbao linanifika magotini. Nasugua, napangusa, alama ipo palepale. Nasugua, na bodi inazidi kuwa nyembamba, hata naanza kuona vidole vyangu upande wa pili. Elia anakuja kukaa ubavuni mwangu. Anaweka dole gumba lake juu ya ile alama, msasa hauna pa kupita.

"Toa kidole, Kaka. Nitakukwaruza."

Hatoi.

"Unatafuta nini hapa, Zakaria?"

"Nakufichia aibu yako! Watu waseme Elia alimwachia mkewe gitaa lenye shimo?"

Anacheka kile kicheko chake cha puani, na kanisa limekuwa sebule yao. Boksi limefunguliwa sakafuni. Anastazia amekaa mkekani, anacheka huku ameshika mbavu, kwa sababu bisibisi imeanguka na mumewe anarukaruka akiilaani. Hawanioni. Mimi nimesimama mlangoni na msasa wangu, mgeni ambaye hakualikwa na mtu.

Elia anageuka. Hacheki tena.

"Nguo zangu mligawana. Viatu unavyo wewe. Mkono wangu umebaki hapo tu. Mwachie."

"Si ungesema mapema!" nilipiga kelele, na kelele hizo ndizo zilizoniamsha.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, ananikodolea macho.

"Unagombana na nani?"

"Na Elia."

"Shindwa!" akasema, akanishika mkono. "Hujampa kitu?"

"Sijampa. Ameniagiza."

Kulipopambazuka nilimpigia simu shemeji. Sikujua nianzie wapi, nikaona nilitoe neno kama lilivyo.

"Shemeji, kaka amenijia. Amesema ile alama ya bisibisi nikuachie."

Nikasikia anavuta kiti, anaketi.

"Bado ipo?" akauliza, sauti imeshuka.

Nikatoka mbio uani na simu sikioni. Nikailaza bodi kwenye jua la asubuhi. Sikuona kitu; msasa wa jana usiku ulikuwa umekula zaidi ya nilivyodhani. Nikafumba macho, nikapapasa, nikapapasa tena, najilaani mimi na pasi yangu na bidii yangu ya kijinga. Ndipo ncha ya kidole ikazama kidogo, kidogo sana.

"Ipo," nikasema. "Imebaki kidogo, lakini ipo."

"Usiiguse tena, shemeji," alisema huku analia. "Nakuja kupaka vanishi mwenyewe."