Mashine Iliyosema Sina Uchungu

Nakumbuka siku moja kule Nachingwea, enzi za mashamba ya karanga ya Wazungu, nilipofungwa nyaya vidoleni ili nipimwe huzuni. Usicheke, mwanangu. Alikuja Mzungu mmoja mtaalamu wa mambo ya moyo. Si moyo huu unaodunda, ule wa furaha na majonzi. Alitueleza kuwa mtu akiguswa na jambo, vidole hutoa jasho hata kama mwenyewe halioni, na mshale wa mashine huruka. Sisi vibarua tukaitwa chumbani mwake mmoja mmoja.

Miye nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza, Zuhura. Matanga tulikuwa tumeyaondoa juzijuzi tu, kwetu Nkowe. Pembeni ya mashine alikaa mkalimani, Hilari, kijana wa Ruangwa aliyesoma misheni, akitaja maneno: jembe, mvua, nyoka. Kisha akataja: mtoto, kaburi.

Nami, kwa akili za ujana, nilidhani tunapimwa uanaume. Nikafanya tulivyofundishwa jandoni kisu kinapokaribia: nikatuliza pumzi, mawazo nikayapeleka mbali porini. Mshale ukalala. Mzungu akaandika anayoyajua yeye, nami nikatoka kifua mbele, nimeshinda!

Hilari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa hana kifua. Habari ilifika Nkowe kabla yangu: mashine imesema yule baba hana uchungu na mwanawe. Shemeji zangu wakaja juu. Walikwisha kunishuku tangu msibani, maana sikudondosha chozi. Sasa wakataka dada yao, Somoe, arudi kwao. Kwetu Wamwera mjomba wa mke ndiye mwenye kauli, basi tukaitwa kwa Mjomba Mnali. Niliogopa sana. Mtoto ameshakwenda, na mama yake naye anakwenda.

Shemeji mkubwa akaanza, "Mjomba, mashine haina undugu na mtu. Imempima, imemkuta mkavu."

Mjomba Mnali alikuwa mzee wa maneno machache, na ugoro ulimchelewesha zaidi. Alinusa kwanza, akapiga chafya. "Imepima nini?"

"Jasho la vidole, mjomba."

"Basi jasho halikutoka, tumekubali. Lakini siri ya mtungi iulize kata." Akamgeukia mke wangu. "Somoe, wewe ndiye unayempakulia. Umeona nini?"

Somoe akajifunga khanga yake vizuri. Kisha akasema, "Zuhura alikuwa akila na baba yake, mjomba. Mpaka leo nikienda kuondoa sahani, nakuta tonge dogo pembeni, limefinyangwa la mtoto. Huwa nalila mimi, nisilitupe."

Mwanangu, miye sikujua kama nafanya hivyo. Nililia pale pale, mbele ya wakwe, kwa sauti. Shemeji mkubwa akainamisha uso.

Mjomba akaniacha nilie, halafu akanikemea. "Kisu cha jandoni kilishapita, bwana. Mkeo umemwacha analia peke yake kwa nini? Yeye kafiwa na nani?" Tukarudi nyumbani pamoja, na usiku ule hatukuzungumza jingine ila Zuhura.

Yule Mzungu simlaumu. Mashine yake ilitoa habari za jasho. Sisi ndio tuliozigeuza zikawa habari za mapenzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo nakuasa: usimhukumu mtu kwa jicho lake kavu, hata aje na kipimo cha namna gani. Waulize wanaoishi naye. Na ukipatwa wewe, usijikaze mbele ya mwenzio aliyepatwa pamoja nawe, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Ukimya wangu ulimuumiza Somoe kuliko maneno ya Hilari, aliniambia mwenyewe.

Mungu akuepushe na kuzika mtoto. Na kama amekuandikia msiba mwingine, akupe mtu wa kulia naye.