Mkwe Wangu Alinipa Mgongo Nikizama

Admin, tafadhali jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi Tuwan hapa Kitale, nauza mahindi na maharagwe kwa jumla. Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki, lakini hili limenikwama kooni hata chai haipiti.

Mwaka jana magoti yalikataa kazi. Daktari akaniambia sukari inaninyemelea, lazima nipunguze mwili, na kwa kuwa siwezi kukimbia, nijifunze kuogelea. Nilicheka. Mwanamke wa kujaza mlango kama mimi akapige mbizi na watoto wa shule? Nikajaribu hivyo hivyo, na wapendwa, nilipenda. Ndani ya maji nilikuwa mwepesi. Nguo zikaanza kunilegea, sukari ikashuka, nikawa napanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Mzee wangu alikubali shingo upande. Alisema, "Sawa, lakini siku nitasikia umemeza maji, hiyo maneno ya swimming imeisha."

Kina mama wa kanisa hapa Kitale wangenisema mpaka Krismasi, kwa hiyo nilichagua bwawa la hoteli fulani Bungoma, maana huko ndiko ninakopeleka mzigo kila Jumatano. Nikishashusha magunia naingia majini. Akili yangu yote ilikuwa kuwakwepa watu wa Kitale, nikaenda kuvua nguo kwenye mji ambako binti yangu ameolewa!

Kwa wasiojua, sisi Wabukusu mama mkwe na mkwe wa kiume hawazoeani. Hatupeani mkono, hatukai kiti kimoja, na kuonana miili ni mwiko mkubwa. Mimi ni mkali wa mambo hayo. Kijana huyu mkwe wangu alipokuja kwetu mara ya kwanza alininyooshea mkono kwa furaha, nami nikaficha wangu nyuma nikamwambia mbele ya wageni, "Kijana, mimi si wa rika lako. Jifunze kukaa mbali." Akajifunza. Anafuga kuku upande wa Mabanga, huko huko Bungoma, ni mpole, binti yangu anampenda kufa, na sasa yuko karibu kujifungua.

Jumatano iliyopita nilijaribu upande wa kina kirefu bila lile boya la kujifunzia. Mwalimu wangu, mama mmoja mchangamfu, alikuwa ameingia ndani kidogo kujibu simu. Ghafla msuli wa mguu ukakaza. Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena na maji yakaniingia puani. Nilipoibuka nikamwona mwanamume amesimama pale ukingoni, karibu kabisa, angeinama tu angenishika. Alikuwa mkwe wangu, amekuja kuleta mayai hotelini. Macho yetu yakakutana. Nikamwita kwa jina lake. Akaziba uso kwa mikono, akageuka, akanipa mgongo. Hakukimbia kuita mtu wala hakupiga kelele. Nilishuka tena nikijua nakufa, na kitu cha mwisho nilichoona ni shati lake la buluu.

Mwalimu ndiye aliyerudi, akaruka na nguo zake, akanitoa. Nilipomaliza kutapika maji, kijana hakuwepo.

Jioni hiyo alimpigia mzee wangu simu akilia. "Baba, leo nimekosea. Nimekutana na mama huko kwa swimming na nimemwona vile haifai." Kuhusu kuzama hakusema hata neno. Mzee wangu alifurahi ajabu! "Huyu kijana ana heshima bana. Si wengine wangesimama hapo waangalie tu?" Nilikuwa nimekaa hapo hapo, kifua bado kinaniuma. Ningesema nilikuwa nazama, kesho yake kuogelea kungekuwa kumeisha, na sukari irudi. Nilijiambia nitasema baadaye.

Sasa baadaye imefika. Ukoo umesema lazima mimi na kijana tusafishwe kimila kwa kuonana vile, kabla mtoto hajazaliwa. Jumamosi kijana analeta mbuzi, na binti yangu atakuwepo. Shemeji yangu mkubwa, kaka ya mzee wangu, ndiye atakayesimamia, na kwa utaratibu wake wote wawili husimama kutamka kila kilichotokea. Amenionya kwa simu, "Mama, usifiche kitu hata kidogo. Ukificha, hiyo maneno itafuata mtoto."

Binti yangu naye amenipigia, anacheka, anasema, "Mama, ati ulijificha mbali hivyo na bado ukapatikana! Lakini umeona bwana yangu vile anakuheshimu?" Nikacheka naye. Nilipokata simu nilikaa juu ya gunia nikalia.

Nimejaribu kumtetea. Labda aliogopa. Labda hajui kuogelea. Labda alidhani nacheza, au kelele za maji zilimzuia kusikia. Ningeshikilia hiyo labda ya mwisho maisha yangu yote. Lakini jana mchana, nikipimia mteja maharagwe, ujumbe wake ukaingia: "Mama nilisikia ukiniita. Sikujua nikushike wapi. Tafadhali usimwambie mke wangu."

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Halafu nikikumbuka ule mkono aliouleta siku ya kwanza nikauficha wangu, hasira inakosa pa kukaa, maana alifanya vile vile nilivyomfundisha. Nikisema ukweli, binti yangu atajifungua akimjua mumewe kama mtu aliyemwacha mama yake afe. Nikinyamaza, nitakula nyama ya mbuzi huyo nikidanganya ukoo mzima, na wao wanaamini uongo huo utamfuata mjukuu wangu.

Msiniambie nimwachie Mungu, nimeshamwachia tangu Jumatano. Nishaurini, hasa nyinyi wenye wakwe. Jumamosi shemeji atanigeukia aniulize, "Mama, ni hayo tu?" Nimjibu nini?