Tope la Shangazi Mize

Harufu ya yai viza ndiyo iliyofoka kwenye dimbwi la Shangazi Mize, bondeni Kengeja, kila ulipotia mguu. Mimi nilikuwa mtoto wa ndani, raha yangu mkeka na chungu cha mama, na hadi leo nikiikumbuka harufu ile natema mate. Mwaka ule shangazi alipanda dimbwini viazi vya yungiyungi la buluu, ambalo ujanani mwake lilijaa bonde zima kabla halijang'olewa kupisha mpunga. Mdogo wake, Ami Faki, alilitaka dimbwi hilo apande majimbi. Wakaafikiana: likichanua ua kabla ya mavuno, dimbwi la dada, lisipochanua, majimbi.

Msaidizi nikawa mimi, maana wenzangu wote walikuwa na kazi za maana. “Mwali wangu, toka ndani!” shangazi alinitania, nami nikatoka huku nimebana pua. Niliopoa majani yaliyooza, yanateleza kama makamasi. Nilibandua konokono na mayai yao ya ute. Viazi nikavikandamiza kwa vidole vya miguu, ndani ya tope baridi lenye vitu vinavyocheza. Ruba wakiniganda mapajani napiga mayowe kama ninayechinjwa, shangazi anacheka mpaka kanga inamdondoka. Mama aliniogesha uani, hataki hata nikanyage ukumbi, na bado wali ulininukia tope.

Mpunga ulipoanza kuiva, ua likachanua asubuhi moja. Shangazi akamwita ndugu yake, naye akaja alasiri, ameshasali, ameshakunywa kahawa, jembe begani. Ua, kama kawaida yake ikifika adhuhuri, lilikwishajifunga, limebaki kijani kama ndizi changa.

“Dada, hili ndilo ua? Wanichezea wewe.” Akaanza kukunja suruali.

Shangazi, ambaye sijapata kumwona akishindwa, alisogea kando kumpisha. Kumpisha kule kukanitia wazimu. Nikajitosa hadi kifuani, tope likaniingia mdomoni, nikalipanua ua kwa vidole: buluu tupu, na nyuki mfu katikati. Nikatapika palepale.

“Lahaula! Mwali kaingia topeni!” Ami Faki alicheka hadi akaliegemea jembe. “Haya yakhe, dimbwi lenu. Mkamwogeshe huyo.”

“Na wewe njoo asubuhi ulione,” shangazi akamwambia. Akaja, akakuta mawili.

Shangazi ameshatangulia mbele ya haki. Mwaka huu nimekwenda bondeni, nikakuta dimbwi limejaa chupa za plastiki na pampasi. Niliingia, nikatoka na kiazi kimoja, nikajikagua mapaja: hakuna hata ruba mmoja. Kinyaa kilichonipata hapo sikukijua utotoni. Kiazi sasa kimo ndani ya beseni, uani kwangu Chake Chake, na tope lake nalibadilisha mwenyewe, pua nimebana vilevile. Jirani yangu Bi Raya huchungulia alasiri, akashika pua, akaniuliza kwangu kumekufa nini, na hilo ua ninalojisifia liko wapi. Namwambia njoo asubuhi.