Ufundi Uliofungiwa Mlango

Kwa miaka kumi na minane, tangu ukoo wao ulipohamia Maskati kutoka Unguja, hakuna bibi harusi wao aliyevaa sari ya siku ya hina isiyofungwa na Kheiria. Asubuhi alikuwa karani wa wizara moja huko Al Khuwair. Jioni za harusi alikuwa malkia. Aliingia chumbani na bibi harusi, akatia ufunguo, na alipofungua, marinda yalikuwa yamelala sawasawa kama kurasa za kitabu kipya. Hakuna msichana aliyeruhusiwa kutazama. Watu waliiita heshima ya kazi. Ulikuwa uchoyo, nao ukoo uliulea vya kutosha.

Mwaka 1999 Ghadeer, binti wa kaka yake, alipokwenda Ruwi kuchagua sari ya hariri, alifuatana na Mahbuba wa Wattaya, ndugu wa mama yake Ghadeer. Mahbuba alifunzwa kufunga sari na jirani yake Mhindi, naye akawafunza wasichana sita sebuleni kwake, mlango wazi. Yeye ndiye atakayemvisha Ghadeer. Kheiria aliletewa sari aihifadhi tu, kwa kuwa kabati lake halikuwa na unyevu.

Aliifungua siku hiyo hiyo akitafuta ila. Akaipindua kuutazama upande wa ndani, ambako hariri ya uongo hujiumbua. Ilikuwa kazi ya mkono, safi. Akausugua upindo, nyuzi za dhahabu hazikuchujuka. Rangi yake ya komamanga angeichagua yeye mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Hata hivyo aliizungushia kitambaa cheupe cha pamba, akawa anaibadilisha mikunjo ili hariri isikatike, kama mtu aliyelazimishwa kumlea mtoto wa mke mwenziwe.

Siku ya hina Mahbuba alikuja na chetezo na kichupa cha mafuta ya waridi. Nguo za harusi kwao hupakwa mafuta kisha zikafukizwa udi, na jirani yake Mhindi, asiyeijua desturi hiyo, hakuwahi kumuonya.

“Wifi, nitie kidogo hapa kwenye ncha ya begani?”

Kheiria alijua kwamba mafuta yakigusa hariri hayatoki. Yeye hufukiza khanga, kisha akaiviringa sari ndani yake mpaka ichukue harufu. Siri hiyo hakupata kumwambia mtu.

“Mwalimu si wewe?” akajibu. “Mie nna nini cha kukufunza?”

Mahbuba akatia tone, doa likatanda, upana wa kiganja. Mahbuba akawaita wasichana wake, akakiri mbele yao kwamba kosa ni lake, wakaanza kuipanga upya ile ncha ili doa liingie ndani ya mikunjo. Ghadeer, amesimama na gaguro lake la kuvalia ndani ya sari, hakuwatazama wao.

“Shangazi, ulijua?”

“Nlijua.”

“Basi leo kakae ukumbini na wageni.”

Akakaa. Ghadeer alipoingia, doa halikuonekana, na marinda yalitembea naye bila ya kutetereka. Kheiria aliyakagua moja moja, asipate ila. Mwanamke aliyekuwa ubavuni mwake akamgusa bega, akamwambia kwamba mwaka huu amejishinda mwenyewe.

“Si kazi yangu,” Kheiria akasema.

Yule mwanamke akauliza ni ya nani basi. Kheiria akafungua kinywa, na jina la Mahbuba likakataa kutoka.